Jinsi ya Kumtambua Ndege Usiyewahi Kumwona Katika Majira ya Baridi

Baridi inapoingia katika nchi za kaskazini mwa dunia, ndege wengi wanaotegemea wadudu huwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini, na mtu akihesabu spishi zilizobaki msituni atazikuta ni chache kuliko zile za miezi ya joto. Hata hivyo, kwa anayetamani kumwona ndege ambaye hajapata kumwona maishani mwake, sijui majira yanayofaa kuliko haya. Miti iliyopukutisha majani haina pa kumficha ndege. Maziwa yanapoganda, bata waliokuwa wametawanyika eneo zima husongamana katika kipande kidogo cha maji kilichobaki wazi. Njaa huwatoa mafichoni hata ndege wenye hofu. Na juu ya hayo yote huwasili wageni kutoka Aktiki, ambao kwao ardhi yenye theluji ya wastani ni kimbilio.

Mwongozo huu unashughulikia mambo mawili: namna ya kujiweka mahali ambapo ndege mpya anaweza kutokea, na namna ya kuthibitisha, huku moyo ukidunda, kwamba uliyemwona ndiye kweli. Jambo la pili linahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa furaha ya kumwona ndege mpya ina nguvu nyingi, na mtu aliyejaa furaha huwa mwepesi wa kuona kile alichotamani kukiona.

Anza na ndege wa kila siku

Ni nadra ndege mpya kujitokeza peke yake kwenye tawi lililo wazi. Mara nyingi yumo ndani ya kundi: bata mmoja wa spishi ya mbali kati ya bata mia tatu wa kawaida, au shakwe mmoja mwenye mabawa meupe hadi nchani, aliyesimama juu ya barafu pamoja na shakwe wenye ncha nyeusi. Anayemgundua si lazima awe mwenye darubini ya gharama kubwa; ni yule aliyewazoea wale mia tatu kiasi kwamba mmoja anayeogelea kwa namna tofauti humvuta jicho kabla hajajua sababu. Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo wanaoanza huiruka, ni kuwasoma ndege wa kawaida kwa uvumilivu. Chagua mahali pamoja panapofikika kwa urahisi, liwe bwawa, bustani ya umma au ukingo wa msitu, kisha uparudie mara kwa mara tangu majani yanapoanza kuanguka, hadi uweze kuwataja wakazi wake kwa kuona tu kivuli cha umbo au namna ya kuruka.

Usitosheke kuwajua ndege hao kwa rangi za dume aliyekomaa, ambazo ndizo vitabu huzipa nafasi kubwa. Mjue jike, mjue kinda wa mwaka huo, na umjue ndege huyo akiwa anaruka kukupa mgongo. Majira ya baridi yana taratibu zake katika suala hili. Bata madume wa spishi nyingi za kaskazini, ambao mwishoni mwa kiangazi walikuwa na manyoya ya kahawia yanayofanana na ya majike, huwa wamerudisha rangi zao kamili na wameanza kujionyesha kwa wenza, kwa hiyo huu ndio wakati mwepesi wa kuwajua. Chekeamwezi na jamaa zao wa pwani huenda kinyume: rangi nyekundu na nyeusi walizokuwa nazo wakati wa kuzaliana hutoweka, na wengi wao hubaki wa kijivu mgongoni na weupe tumboni, hata inabidi kuwatofautisha kwa urefu wa mdomo, rangi ya miguu na mwendo wao juu ya matope. Shakwe ndio mtihani mgumu kuliko yote, kwa maana spishi kubwa huchukua takriban miaka 4 kufikia manyoya ya utu uzima, na katika kundi moja utawakuta wa kila umri, kila mmoja na madoa yake ya kahawia. Wapo watazamaji wenye ujuzi mwingi wanaowapita shakwe bila kuwatazama kwa sababu ya ugumu huo. Naona hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa makundi ya shakwe wa majira ya baridi, yanayokusanya ndege kutoka pwani za mbali, ni sehemu nzuri sana ya kumtafuta mgeni.

Kuna jambo jingine linalopotosha. Katika baridi kali ndege huvimbisha manyoya yake ili yanase hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto la mwili, ambalo kwa ndege wengi ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Ndege uliyemwona mwezi Septemba akiwa mwembamba na shingo ndefu, mwezi Januari anaweza kuonekana kama mpira uliowekwa juu ya tawi. Ukimkadiria ukubwa kwa jicho tupu utakosea. Mlinganishe na ndege mwingine unayemjua aliye karibu naye, katika baridi ileile na umbali uleule.

Fuata maji na chakula

Katika msimu wa kuzaliana ndege wengi husambaa, kila jozi ikilinda eneo lake. Baridi huvunja mpangilio huo, na mahali watakapokuwa ndege huamuliwa na vitu viwili: maji yasiyoganda na chakula ambacho theluji haijakifunika. Mito inayokwenda kasi, sehemu zilizo chini ya mabwawa ya umeme, bandari, midomo ya mito na mabwawa ya kusafishia majitaka hubaki wazi wakati maziwa yameganda, na usiku mmoja wa baridi kali unaweza kubadilisha kabisa orodha ya ndege waliopo hapo. Ndiyo maana siku inayofuata kushuka kwa ghafla kwa nyuzijoto ni siku ya kutoka, hata kama kitanda kinashawishi. Pwani, siku ya thamani ni ile inayofuata dhoruba iliyovuma kutoka baharini, kwa sababu ndege wa bahari kuu, ambao kwa kawaida hawaonekani kutoka nchi kavu, husukumwa hadi ufukweni na pengine hadi kwenye maziwa ya bara.

Nchi kavu, tafuta vichaka vyenye matunda, mashamba yaliyovunwa ambayo bado yana mabua na punje, magugu makavu yenye mbegu, na vikundi vya misonobari vinavyokinga upepo. Pendelea upande unaopigwa na jua na usiopigwa na upepo. Upande wa pili wa kilima hichohicho unaweza kuwa mtupu asubuhi nzima.

Msituni, jambo la kutafuta ni makundi mchanganyiko. Vindege wa jamii ya Paridae, ambao wengi wao wana mashavu meupe na kichwa cheusi, na ambao wameenea katika misitu ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, huzunguka pamoja wakati wa baridi wakiitana bila kukoma, na huandamana na spishi nyingine: vigong'ota wadogo, ndege wanaopanda mashina ya miti wakichokoa magome, na vindege wa jenasi Regulus, wenye uzito wa gramu 5 hadi 7 tu na ambao bado hustahimili usiku wa theluji. Kuandamana huko kuna faida, kwani macho yakiwa mengi kipanga huonwa mapema, na kila ndege hupata muda zaidi wa kula. Unaweza kutembea nusu saa katika msitu usio na sauti yoyote, kisha ghafla ukajikuta umezungukwa na ndege thelathini. Hapo simama. Usimkimbilie wa kwanza. Liache kundi likupite, na umtazame kila ndege hadi wa mwisho, kwa kuwa mgeni, kama yumo, anaweza kuwa ndiye anayefunga msafara. Kosa la kawaida ni kuwatambua watatu wa mwanzo, kuamua kwamba wote ni wale wale, na kuondoka.

Ipo pia miaka ambayo kaskazini yenyewe humimina ndege wake. Matunda au mbegu za misonobari zikikosekana katika misitu ya mbali, ndege wanaozitegemea husafiri kwa makundi hadi sehemu ambazo hawakuonekana kwa miaka kadhaa. Bombycilla, ndege wa rangi ya kahawia laini mwenye ushungi na ncha ya mkia ya manjano, huweza kutua katikati ya mji na kumaliza matunda ya mti mmoja kwa siku chache. Loxia, ambaye ncha za mdomo wake hupishana ili aweze kufungua koni za misonobari, hufuata mavuno ya koni popote yalipo. Wakati mwingine sababu ni neema badala ya njaa. Katika majira ya baridi yaliyoanza mwishoni mwa 2013 na kuishia 2014, bundi weupe wa Aktiki waliingia kwa wingi mashariki mwa Amerika ya Kaskazini baada ya kiangazi ambacho panya wa Aktiki waitwao lemingi walikuwa tele kaskazini mwa Quebec, na makinda mengi ya bundi yakakua. Wengine walionekana hadi Florida na Bermuda. Miaka ya namna hiyo hutangazwa mapema na watu wanaofuatilia misitu na maeneo ya kuzalia, kwa hiyo inafaa kusoma taarifa za eneo lako kabla ya baridi kuanza.

Na kuna mgeni ambaye hakuna anayeweza kumtabiri. Desemba 2021, tai wa bahari wa Steller, ambaye makazi yake ni pwani za mashariki ya mbali ya Urusi na Japani, alionekana katika majimbo ya Massachusetts na kisha Maine, mashariki mwa Marekani, na watu walisafiri kutoka mbali wakasimama kwenye upepo wa baharini kumtazama. Tukio la aina hiyo haliwezi kupangwa, lakini aliyezoea kutazama kwa makini kila ndege mkubwa anayepita juu ya bandari yuko tayari kwa siku hiyo.

Kuhusu saa, majira ya baridi yana huruma kwa mtazamaji, kwa kuwa mapambazuko huchelewa. Ndege mdogo hutumia usiku sehemu kubwa ya mafuta aliyoyahifadhi mchana, hivyo saa mbili za kwanza za mwanga hula kwa haraka na huvumilia kuangaliwa. Baridi ikizidi sana, ulaji huendelea mchana kutwa. Saa ya mwisho kabla ya giza ni ya makundi yanayorudi kulala: kwezi, kunguru, bata bukini na shakwe hupita juu, na bundi wengine wa nyika huanza kuwinda jua likiwa bado halijazama.

Vifaa

Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, yaani milimita 5.25, kiasi kinachosaidia sana katika utusitusi wa siku yenye mawingu. Usivutiwe na ukuzaji wa mara 12, kwa sababu mikono yenye baridi hutetemeka, na mtetemo nao hukuzwa. Wakati wa kutembea, acha darubini nje ya koti ili isipate mvuke wa mwili, na unaporudi ndani ya nyumba iache kwenye begi lililofungwa hadi ipate joto polepole, la sivyo umande utatanda juu ya lenzi. Chukua penseli badala ya kalamu, kwa kuwa wino husumbua katika baridi, na uweke simu katika mfuko wa ndani, kwa kuwa betri yake huisha upesi. Vaa glavu nyembamba chini ya zile nene, ili uweze kurekebisha lenzi bila kuacha mikono wazi.

Dakika ya kwanza

Sasa yuko mbele yako, na kuna kitu kinachokuambia kwamba huyu humjui. Usiishushe darubini. Mkono utataka kitabu, na macho yatataka jina, lakini kitabu kitakusubiri na ndege hatakusubiri. Mtazame na ujisimulie kwa sauti ya chini unachokiona, ukianza na mdomo na kuishia na mkia: mdomo ni mnene au mwembamba, umenyooka au umepinda, kuna mstari juu ya jicho, kuna mistari kwenye bawa, mmoja au miwili, kifua kina michirizi au ni safi, kiuno kina rangi gani anaporuka, miguu ni ya rangi gani, mkia ni mrefu kuliko ncha za mabawa au mfupi. Maneno yaliyotamkwa hubaki kichwani kuliko picha, na hasa kuliko picha iliyochanganyika na matumaini. Kisha tazama anachofanya. Bata anayezama kutafuta chakula na bata anayeinamisha kichwa huku mkia ukiwa juu ni wa makundi tofauti, hata kama rangi zao zimepotea katika ukungu.

Akiwa bado yupo, mchore. Mchoro mbaya wenye mishale inayoonyesha doa jeupe liko wapi una thamani kuliko kumbukumbu nzuri, kwa sababu kuchora hukulazimisha kuuliza maswali ambayo jicho lilikuwa limeyaruka. Piga picha ukiweza, hata kwa kuegemeza simu kwenye lenzi ya darubini, lakini usiiruhusu kazi hiyo ikule muda wote wa kumtazama. Akishaondoka, andika tarehe, saa, mahali, umbali, hali ya mwanga na upande ambao jua lilikuwa, halafu ndipo ufungue kitabu. Mpangilio huu una sababu: mtu aliyekwisha kuona picha kitabuni huanza kukumbuka alama ambazo hakuziona.

Baada ya kupata jina linaloelekea kufaa, geuka uwe mpinzani wake. Jiulize kwanza kama ndege huyo hawezi kuwa wa kawaida aliyeonekana katika hali isiyo ya kawaida. Theluji hurudisha mwanga kutoka chini na kufanya tumbo la ndege lionekane jeupe kuliko lilivyo, ilhali jua lililo nyuma yake humfanya awe mweusi wote. Baadhi ya ndege huzaliwa na upungufu wa rangi unaowapa mabaka meupe, na watu wengi wamefurahia spishi mpya ambayo kumbe ni kunguru wa kawaida mwenye bawa jeupe. Bata wa spishi tofauti huzaana, na watoto wao huwa na sura ambayo haimo katika kitabu chochote. Wapo pia ndege waliotoroka vizimbani. Tazama vilevile ramani na kalenda: je, spishi hiyo hupatikana eneo hilo mwezi huo? Ramani haikanushi ulichokiona, ila hupandisha kiwango cha ushahidi unaohitajika. Ndege akiendelea kusimama baada ya maswali hayo yote, furaha inayokuja ni ya aina nyingine kabisa, tulivu na kamili, na haikuachi hata ukilala.

Masikio nayo yafanye kazi. Nyimbo ni chache katika majira ya baridi, ingawa robini wa Ulaya huimba hata wakati huo, dume na jike, kwa kuwa kila mmoja hulinda eneo lake la kujilisha. Sauti nyingi utakazosikia ni miito mifupi ya kuitana. Programu ya simu ya Merlin, inayotolewa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, imekuwa na uwezo wa kutambua sauti tangu 2021, na ni msaidizi mzuri wa kukuambia uangalie wapi. Jina linalotokea kwenye skrini lichukue kuwa pendekezo, na usiliandike katika orodha yako mpaka umemwona ndege au umeisikia sauti vya kutosha kuithibitisha mwenyewe.

Usimgharimu ndege

Kila mara ndege anaporuka kukukimbia hutumia nguvu ambazo katika baridi ni vigumu kuzirudisha kabla ya usiku. Akiacha kula na kukutazama, umeshakaribia mno; rudi nyuma hatua kadhaa na usubiri. Bundi aliyelala mchana asisumbuliwe kabisa, na mahali pake pa kulala pasitangazwe hadharani, kwa maana umati wa watu wenye kamera unaweza kumhamisha. Usipige sauti zilizorekodiwa ili kumtoa ndege mafichoni katika msimu huu. Na kwa usalama wako mwenyewe, usitembee juu ya barafu ya ziwa kwa ajili ya kumkaribia bata yeyote, hata awe adimu namna gani.

Ripoti na urudi

Ulichokiona kikiandikwa vizuri kina faida kwa wengine. Desemba 25, 1900, mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaalika watu nchini Marekani na Kanada wahesabu ndege siku hiyo ya Krismasi badala ya kuwawinda, na watazamaji 27 wakaitikia. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo, kati ya Desemba 14 na Januari 5 kila mwaka. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika hasa katikati ya Januari, ilianza 1967. Kujiunga na hesabu kama hizi ni njia bora ya kujifunza, kwa sababu utatembea siku nzima na mtu anayewajua shakwe wa kila umri, na atakuonyesha kwa dakika tano jambo ambalo kitabu kingelieleza kwa kurasa kumi. Nje ya siku za hesabu, unaweza kuweka kumbukumbu zako katika eBird, mfumo ulioanzishwa 2002, ambamo wakaguzi wa eneo hupitia taarifa zisizo za kawaida na huweza kukuomba maelezo zaidi. Ombi hilo si dharau. Mpe mkaguzi mchoro wako na maelezo uliyoyaandika kabla ya kufungua kitabu.

Ukisikia kwamba mwingine amempata ndege adimu, nenda, lakini usimtazame huyo peke yake. Watazamaji wa Marekani husimulia juu ya mahali pa kupumzikia wasafiri karibu na mji wa Patagonia katika jimbo la Arizona, ambapo watu waliokwenda kumwona ndege mmoja waligundua wengine adimu kwa sababu tu macho mengi yalikuwa yamekusanyika. Na kama ndege mpya ni wako, rudi kesho yake asubuhi. Mgeni wa majira ya baridi aliyepata maji yaliyo wazi na chakula cha kutosha huweza kukaa mahali hapo wiki kadhaa, na mara ya pili, mikono ikiwa imetulia, utaiona ile rangi ya miguu ambayo siku ya kwanza hukuwa na utulivu wa kuitazama.